Mafundo kwenye Pindo la Pazia

Bwaise, Kampala
Jumapili, baada ya ibada

Dada Nekesa mpendwa,

Natumaini karatasi hii inakukuta umeketi, maana nakujua: ukianza kuisoma mlangoni utaishia katikati na kukimbilia jikoni. Hujambo lakini? Goti linakuruhusu kukanyaga cherehani, au bado linalalamika kila mvua ikikaribia? Shemeji ameacha kubishana na daktari? Na yule ng'ombe uliyenitumia picha yake kana kwamba ni mtoto aliyefaulu mtihani, anaendeleaje? Mimi mzima. Nakula, nalala, nashona. Mvua imetunyeshea wiki mbili, na hapa Bwaise ukiona wingu jeusi unapandisha cherehani juu ya meza kabla hata ya kufikiria godoro. Maji yaliingia mara moja, yakafika kwenye vifundo vya miguu, yakatoka. Tumeshazoea.

Utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Ni kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe unasema matatu, na jambo hili nataka nilifikishe mwisho. Tena ni jambo la aibu yangu, na ni rahisi kuandika aibu kuliko kuitamka kwa dada aliyenifundisha kushika sindano.

Nilikueleza kwamba kwaya ya kanisa letu imeniagiza majoho ishirini na manne. Kwaya yenyewe ni sisi Wakenya wa Bwaise, pamoja na majirani wachache kutoka kambi ya polisi. Mama Mchungaji, mke wa mchungaji wetu, alitaka mahameli, tena nyekundu iliyokolea. Nilizunguka soko lote la Owino nikapata vipande vya kutosha mito ya viti tu. Mwisho muuza vitambaa mmoja akanihurumia. "Ssebo, wewe enda kule Kisaawe cha Ndani," akaniambia. "Wanabomoa. Iko na pazia kubwa, banange, hata macho itachoka kuangaria."

Kisaawe ni uwanja wa michezo kwa Kiganda, ila huu ulikuwa na paa. Ndilo jumba ambalo watu wa Kampala wamepigana ngumi ndani yake, wakacheza mpira wa vikapu, wakacheza muziki, wakaomba Mungu na wakaoana. Miaka sita nimekuwa nikipita mbele yake nikienda kununua vifungo, na sikuwahi kugeuza shingo. Nilifika siku ambayo ukuta mmoja ulikuwa umeshalala chini. Viti vilikuwa vimerundikwa nje. Mbao za sakafu zilikuwa zikipakiwa kwenye lori, bado zina mistari ya rangi ya viwanja.

Nikaingia, nikasimama. Dada, soko lote la Chwele, na mbuzi wake na kelele zake, lingeenea mle ndani na wateja wakapata pa kuketi. Na katikati hakukuwa na nguzo hata moja! Vyuma vilipinda kutoka ukuta hadi ukuta, vikashika paa lote hilo juu, na njiwa waliokuwa wakiruka huko walionekana wadogo kama nzi. Nilijikuta nimevua kofia. Kijana aliyekuwa akigonga ukuta kwa nyundo alicheka. "Usione haya," akasema. "Kila mtu akiingia hapa anatoa kofia. Hata mimi, siku ya kwanza nilitoa, na nimekuja kuvunja."

Pazia lenyewe lilikuwa jukwaani, vipande viwili, cha kulia na cha kushoto. Hakuna aliyelitaka kwa ajili ya vumbi na mavi ya njiwa. Wanaume wanane wa kwaya walibeba kipande kimoja begani, wakaweka chini, wakapumzika, wakarudia cha pili. Uwanja wa kanisa haukutosha kukunjua vyote pamoja. Tulikianika kimoja juu ya ua, tukakipiga kwa fimbo siku mbili, na vumbi lililotoka lingejaza kaburi. Lakini chini ya vumbi, dada! Mahameli nzito, nyekundu kama damu ya ng'ombe, ya zamani, ya kutoka kwa watu waliojua kazi. Nikajisemea, Barasa, mwaka huu kwaya itaimba na watu wataangalia nguo.

Sasa aibu inaanza.

Nilipogeuza pindo la chini niliona kichekesho. Kwa ndani lilikuwa limejaa mafundo madogo ya uzi, mamia kwa mamia, yamepangwa kama punje za mtama. Mengine mekundu, mengine meupe, mengine ya kijani, manjano, samawati, meusi. Nikadhani ni viraka vya mtu asiyejua kushona, aliyekuwa akiokota uzi wowote na kufunga palipofumuka. Nikawaita wenzangu wa kwaya. "Njooni muone fundi wa zamani wa Kampala," nikasema, "huyu alikuwa akishona akiwa usingizini." Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Halafu, kwa kuwa pindo lilikuwa pana na nilitaka kitambaa chake kwa ajili ya kola, nikachukua wembe nikaanza kufumua mafundo, kuanzia mwanzo wa pazia la kushoto. Nilifumua siku mbili. Nyuzi nilizifagia pamoja na uchafu wa uwanja.

Kuuliza si ujinga, na nilikuwa na kanisa zima la kuuliza. Sikuuliza.

Siku ya Jumatano Sajini Okot alikuja kwenye mazoezi. Ni polisi wa kambini, mtu wa kaskazini, anaimba sauti ya chini kwenye kwaya. Aliliona pazia uani. Akaenda akapitisha kiganja kwenye pindo, na machozi yakamtoka, jitu zima lenye mabega kama mlango. "Hii ni kazi ya mama yangu," akasema.

Akatueleza. Baba yake alikuwa polisi pia, na mama yake alipata kazi ya kufagia na kushona viraka katika lile jumba. Hakusoma hata darasa moja. Meneja alitaka kujua mikusanyiko imefika mingapi, ili pazia lishushwe na kukung'utwa kwa wakati wake, na mama hakuweza kuandika. Kwa hiyo akawa anafunga fundo. Kila mkusanyiko fundo moja, na kila aina na rangi yake. Nyekundu ni ngumi. Nyeupe ni harusi. Kijani ni michezo ya mpira. Manjano ni maombi, samawati ni muziki, nyeusi ni maiti aliyeletwa kuagwa. Meneja alihama, wengine wakaja wakaondoka, hakuna aliyemuuliza hesabu tena, na mama aliendelea kufunga mpaka macho yalipomshinda.

Nilikuwa na wembe mkononi, dada. Nikauficha mfukoni na ukanikata kidole.

"Nitaleta yeye Jumamosi," Okot akasema. "Iko fundo moja anataka kushika. Ya dada yangu Aber." Aber ndiye aliyekuwa kifungua mimba wao. Alichezea timu ya netiboli ya shule ya kambini, na siku moja timu ile ya watoto wa askari ilicheza ndani ya jumba lile na kushinda, na Aber akapokea kombe mbele ya pazia lile. Mwaka uliofuata malaria ilimchukua. Picha yake hawana, hata moja. Kombe lilikuwa la shule. "Mama anasema iko kwa pazia ya kushoto," Okot akasema, "karibu na mwanzo."

Palepale nilipofumua.

Sikusema neno. Waliocheka na mimi nao hawakusema. Alhamisi nzima sikula. Ijumaa nilifanya jambo ambalo usinisamehe haraka: nilikaa na uzi wa kijani nikajaribu kuiga. Nilifikiri nitarudisha mafundo machache pale mwanzo, mama wa watu haoni vizuri, atashika, atafurahi, na mambo yataisha. Dada, yalinishinda! Miaka ishirini nipo kwenye kazi hii, na fundo la yule mama nililomcheka sikuweza kulifunga. Uzi wake umezungushwa kwa namna ambayo haulegei na hauvimbi, umelala chini kabisa. Ya kwangu yalisimama kama chunusi. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nikayafumua ya kwangu nikaenda kulala.

Jumamosi asubuhi Mama Aber alikuja, ameshikwa mkono na Okot. Ni mama mdogo wa mwili, ukungu umemfunika macho yote mawili. Tulikuwa tumemtandikia mkeka kando ya pazia la kulia, na kabla ya kuketi alivua viatu. Akavuta pindo magotini, akainusa mahameli, akacheka peke yake. Halafu vidole vikaanza kutembea.

"Ngumi," akasema. "Ngumi. Ngumi. Hii harusi. Hii maombi, watu walijaa mpaka kwa ngazi."

Kwaya yote ilikuwa imesimama. Mmoja mmoja wakaanza kuketi chini.

Sikujua kwamba mtu anaweza kusoma hivyo. Rangi hakuziona, lakini kila fundo alilijua kwa jirani zake, na kila alipotaja moja alilifungua kama mlango. Alitufikisha kwenye fundo la bondia wa kambini aliyeangushwa raundi ya kwanza. "Watu wote walinyamaza," akasema, "mpaka mimi nyuma ya pazia nilisikia saa ya mkono ya meneja." Kisha bondia akaamka, na jumba likapiga kelele hata vumbi la paa likamwangukia mama kichwani. Akatupeleka kwa bibi harusi aliyekimbilia nyuma ya pazia kwa sababu gauni lilimpasukia mgongoni. "Nilimshona akiwa amesimama. Analia, anacheka. Nikamwambia, wewe ukitikisika nitakushona na ngozi." Akatupeleka kwa wanamuziki wa Kikongo ambao watu waliwachezea hadi mbao za sakafu zikaachia misumari. Alipogusa fundo jeusi alisema tu, "Huyu walileta kwa sanduku. Nilisimama pale mpaka wakamtoa," akapita.

Halafu vidole vikafika mahali patupu, urefu wa mikono miwili hivi. Nikadhani nimefikiwa, lakini hapo si mimi niliyefumua. Mama Mchungaji akauliza kwa upole, "Hapa ulisahau, mama?"

"Hapana. Hapa vita. Askari walilala ndani. Walipika pale kati, walichoma viti. Mimi nilikuja kila siku, nilifagia. Lakini sikufunga. Nifunge nini?" Akapapasa ule utupu polepole hadi mwisho wake, na kidole kikagonga fundo. Akatabasamu. "Nyeupe. Vita ilipokwisha, mtu wa kwanza kurudi ndani alikuja kuoa."

Nililiangalia lile pindo nikaona ukumbi mzima uko pale chini, na watu wake wote, maelfu, na aliyewaweka hakujua kuandika jina lake. Jumba lenyewe sasa ni shimo na mabati yaliyorundikwa. Kama ningeanza kufumua upande wa kulia, hata hayo yasingekuwepo.

Pazia la kulia likaisha, tukamsogezea la kushoto. Akajiweka sawa, akapangusa viganja kwenye gauni. "Sasa karibu," akamwambia Okot, kama mtu aliye kwenye basi akaona njia ya kwao. Akaweka vidole mwanzo wa pindo. Vikaenda mbele, vikarudi. Vikaenda tena.

"Hapa kitu imetoka," akasema.

"Ni hawa watu ya kubomoa," akasema tena, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hawana adabu."

Okot akasonya, akawalaani wabomoaji na mama zao. Wenzangu wa kwaya waliangalia nyasi, halafu jicho moja baada ya jingine likanigeukia mimi. Ningeweza kukaa kimya. Nataka ulijue hilo, kwa sababu dakika ile nilikaa kimya na nilijisikia nikikaa kimya. Lakini vidole vyake havikuacha kutafuta. Vilikuwa vikienda na kurudi, vikienda na kurudi.

"Mama," nikasema, "si wao. Ni mimi. Nilidhani ni uchafu."

Okot alisimama. "Fundi! Uliona mimi nalia hapa, ukanyamaza?" Nilijua atanipiga, na sikuona sababu ya kukimbia.

"Okot, kaa," mama yake akasema. Hakuinua sauti. Akanigeuzia yale macho yenye ukungu. "Ulitoa na nini?"

"Wembe, mama."

"Ulivuta, ama ulikata?"

"Nilikata kwanza, halafu nikavuta."

"Sawa. Kama ungevuta tu, kitambaa ingepasuka." Akanyoosha kiganja. "Lete mkono."

Akaushika mkono wangu, ule wenye kidole kilichokatika, akageuza pindo upande wa mbele, akakilaza kidole kwenye mahameli. "Polepole. Unasikia?" Nikafumba macho. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba mahameli haisamehi sindano, ukishaitoboa imetoboka, ndiyo maana huwezi kuijaribisha kwa pini. Nilikuwa nimeisahau kazi yangu kwa kuogopa. Chini ya kidole, manyoya ya kitambaa yalikuwa na vishimo, viwili viwili, vidogo kuliko jicho la sisimizi, mstari mzima. Mafundo yalikuwa yameondoka, mahali pao hapakuondoka.

Akanionyesha namna ya kufunga. Uzi unazungushwa kushoto, si kulia, na kidole gumba kinakaa juu mpaka mwisho. Hilo ndilo lililokuwa limenishinda. Tukaanza. Yeye anapapasa vishimo na kutaja rangi, mimi nafunga, Mama Mchungaji anatunga nyuzi kwenye sindano. Mengi aliyakumbuka. Mengine aliyashika muda mrefu, akatikisa kichwa, akasema, "Hii sijui." Yalipofika saba au nane ya namna hiyo, ufundi wangu wa kijinga ukaniingia tena nikamwuliza kama niweke rangi yoyote, angalau mstari upendeze.

"Usiweke uongo," akasema. "Acha hivyo. Watu walikuwa ndani. Mimi nimesahau, lakini walikuwa ndani."

Yale hayatarudi, dada, na ni kwa mkono wangu. Majuto ni mjukuu, naye sasa anaishi nyumbani kwangu.

Tulipumzika kwa chai. Nikamwambia majoho basi, pazia ni lake lote, Okot alibebe. Akanikatalia mbele ya kwaya. "Kata. Kitambaa ni ya kuvaa, si ya kukunja. Pindo peke yake ndiyo yangu." Kwa hiyo nitalikata pindo lote, kulia na kushoto, lizungushwe kama mkeka na kwenda kambini kwake, na majoho yatakuwa mafupi kidogo. Mama Mchungaji amesema Mungu haangalii vifundo vya miguu.

Karatasi inaisha, na mama anayesafiri kwenda Bungoma ananisubiri mlangoni, kwa hiyo salamu nizitangulize. Nisalimie shemeji, mwambie daktari ana haki. Wapwa zangu wote wawili, waambie mjomba wao ameona jumba ambalo Chwele ingeenea ndani. Shangazi anayefuga kuku, mwambie dawa aliyoagiza nimeipata. Na jirani yetu aliyemuuguza mama hadi mwisho, mshike mkono kwa niaba yangu.

Sasa nimalizie. Baada ya chai tulirudi kwenye mstari. Alitaja kijani, nyekundu, nyekundu, "hii sijui," nyeupe. Halafu vidole vyake vikasimama. Havikupapasa tena, vilitulia tu. "Hesabu hapa, fundi," akasema. "Mimi nasikia nne."

Nikainama. Vilikuwa vinne kweli, vishimo vinne vimebanana mahali pa viwili. Katika pindo lote, kulia na kushoto, hapakuwa na pengine pa namna hiyo.

"Siku hiyo nilifunga," akasema, "halafu nikarudi kuangalia mtoto wangu na kombe yake. Furaha ilinijaa nikasahau kama nimefunga, nikafunga tena. Hesabu ya meneja ilizidi moja. Sikumwambia."

Nilichukua sindano ili nifunge, akanyoosha mkono akaichukua. Nikamtungia uzi wa kijani. Alifunga mwenyewe, bila kuona, fundo la kwanza, akalibana kwa kidole gumba. Halafu akafunga la pili.

Mdogo wako anayejifunza kazi upya,
Barasa